Kabla Hujagusa Kitu: Ya Kufanya na ya Kutofanya Wifi ya Laptopu Ikigoma Lubumbashi

Mwanafunzi mmoja wa kampasi ya Kasapa aliniletea laptopu iliyokwisha kufutwa yote. Siku tatu kabla ya kukabidhi kazi yake ya kumaliza masomo, wifi ya nyumbani kwao ilianza kulikataa nenosiri. Akaipeleka mashini kwa fundi wa kando ya barabara, na fundi yule, bila kuuliza hata swali moja, akasafisha diski na kupachika Windows upya. Sura mbili za utafiti zikapotea, pamoja na mahojiano aliyoyakusanya kwa miezi. Nilipoiwasha mbele yake, wifi bado ilikuwa inakataa. Windows haikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa wapi, nitaeleza mbele.

Nimeona mashini nyingi mjini hapa zikiuawa na matibabu kuliko ugonjwa. Ndiyo sababu ninayoyaandika hapa nayaandika kama amri.

Usiguse kitu kabla hujajua kilichokatika. Kati ya laptopu yako na ukurasa unaoutaka kuna mnyororo mrefu: kadi ya wifi ndani ya mashini, hewa ya chumba, ruta au simu inayogawa, mnara au waya wa kampuni, kisha fiber inayotoka mjini kupitia Kasumbalesa hadi Zambia, na mwisho nyaya zilizolala chini ya bahari. Pete yoyote ikikatika, wewe unaona kitu kile kile: ukurasa haufunguki. Anayeanza kubonyeza ovyo anaongeza kosa la pili juu ya la kwanza, na baada ya saa moja hakuna ajuaye lipi ni lipi. Badilisha jambo moja. Jaribu. Kama halikusaidia, lirudishe lilivyokuwa, ndipo uende kwa lingine.

Anza na umeme. SNEL, shirika la umeme, wakikata, laptopu inaendelea na betri yake, skrini inang'aa, na mtu anasahau kwamba ruta imezimika ukutani. Mdogo wako akija mbio, "Yaya, wifi imekufa!", mwambie aende kwanza akatazame taa za ruta. Umeme ukirudi, ruta haiamki papo hapo. Inahitaji dakika kadhaa kuwasha, kutafuta mtandao wa kampuni na kuanza kugawa anwani. Hesabu dakika tano kwa saa. Watu hawangoji, wanazima na kuwasha tena katika dakika ya pili, na kazi inaanza upya kila mara.

Taa zikiwaka na kuzimika zenyewe mchana kutwa, kagua adapta. Soma maandishi yaliyo chini ya ruta: volti ngapi, ampea ngapi. Ruta ya volti 12 na ampea 1 haitaki adapta ya volti 9 uliyoikuta kwenye droo. Pengine itawaka, pengine itatoa hata jina la wifi, kisha itaanguka mara watu watatu wakianza kuitumia. Adapta ya volti nyingi zaidi ni hatari kuliko hiyo, kwa sababu inaunguza. Ampea zikizidi hakuna shida. Volti lazima zilingane, na upande wa chanya kwenye ncha ya plagi lazima ufuate mchoro.

Na kama una fedha ya kununua kitu kimoja tu, nunua betri ya akiba ya ruta, hiyo tunayoiita ondulere. Ruta niliyoitaja hula wati 12 inapofanya kazi kwa nguvu zake zote. Betri ya volti 12 na ampea-saa 7 ina wati-saa 84. Ukitumia nusu tu ili isife mapema, unapata kama saa tatu na nusu za wifi katikati ya delestaji, yaani mgao wa umeme. Kwa mwanafunzi anayesubiri kutuma kazi yake, saa tatu na nusu ni nyingi.

Usiiache ruta wala laptopu kwenye plagi umeme unaporudi. Unarudi kwa kishindo. Chomoa ukikatika, ngoja utulie, chomeka.

Uliza simu kabla ya kuilaumu laptopu. Unganisha simu kwenye wifi ile ile, zima mega zake ili isikudanganye kwa kutumia mtandao wake yenyewe, halafu fungua ukurasa ambao hujaufungua leo. Simu ikipata na laptopu ikakosa, ugonjwa uko kwenye laptopu. Zote mbili zikikosa, iache laptopu kabisa. Hata ukiifungua kwa bisibisi hutapata kitu humo. Jaribio hili huchukua dakika moja, na sijui kwa nini watu hulikwepa.

Wala usiamini vijiti vya wifi vilivyojaa. Vinaonyesha tu jinsi laptopu inavyoisikia ruta. Kama ruta yenyewe haina intaneti, au bando limekwisha, vijiti vitabaki vimejaa na Windows itaandika "Pas d'Internet, sécurisé". Maneno hayo yasome yalivyo: umeunganika na ruta vizuri, na ng'ambo ya ruta hakuna kitu. Angalia salio kwanza.

Hakikisha kibodi inaandika unachobonyeza. Hapa ndipo yule kijana alipoumia, na hapa sitapita haraka.

Laptopu za mitumba zinazouzwa mjini hutoka pande nyingi. Zile za Ubelgiji na Ufaransa zina kibodi ya AZERTY. Zile za Dubai, Afrika Kusini na Zambia zina QWERTY. Windows haitazami herufi zilizochapwa juu ya vitufe. Inafuata mpangilio ilioambiwa. Mpangilio huo unaweza kuhama kwa bahati mbaya, vidole vikigusa Alt ya kushoto pamoja na Shift, au kitufe cha Windows pamoja na kile kirefu cha nafasi. Ukihama, kitufe chenye a kinatoa q, chenye z kinatoa w, chenye m kinatoa nukta-mkato. Namba za juu nazo zinageuka, kwa sababu kwenye AZERTY unazipata kwa kushika Maj na kwenye QWERTY unazipata bila kushika chochote. Nenosiri linaandikwa kwa vidoto vyeusi, kwa hiyo huoni kosa. Unaona tu kwamba umekataliwa, mara ya kwanza, ya pili, ya tano.

Nenosiri la kwao lilikuwa na a tatu na m moja. Fundi alipoweka Windows mpya, aliiweka kwa mpangilio wa Kiingereza, na kosa likaendelea kuishi ndani ya mashini iliyokwisha kupoteza kila kitu.

Basi fanya hivi. Tazama kona ya chini kulia: imeandikwa FRA au ENG? Fungua Bloc-notes, andika nenosiri humo, lisome kwa macho herufi moja moja, kisha linakili na ulibandike. Au bonyeza alama ya jicho pembeni ya kisanduku. Angalia kama Verr. Maj imewaka. Nenosiri likiwa sahihi na bado linakataliwa, bonyeza jina la wifi, chagua "Oublier", ujiunge upya kama mgeni. Huenda mtu wa nyumbani alilibadilisha na laptopu bado inashikilia la zamani.

Usichome sindano kwenye tundu la reset. Kuzima ruta na kuiwasha ni jambo moja, kubonyeza lile tundu ni jambo lingine kabisa. Tundu linafuta kila kitu ambacho fundi wa kampuni aliandika siku ya kukuwekea: jina la mteja, nenosiri la laini, APN ya kadi. Baada ya hapo wifi inarudi na jina la kiwandani, intaneti hairudi, na utamsubiri fundi yule siku nne. Kama huna karatasi yenye mipangilio hiyo mkononi, tundu hilo si lako.

Jifunze namba nne. Hazihitaji shahada. Bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, bonyeza Entrée. Katika dirisha jeusi andika ipconfig.

Tafuta mstari wa "Adresse IPv4" chini ya kadi ya wifi. Ukianza na 169.254, laptopu iliomba anwani na ruta haikujibu, ikajipa yenyewe anwani ya kubahatisha. Jiondoe kwenye wifi na ujiunge tena. Isiposaidia, zima ruta na kuiwasha. Hesabu pia watu. Vile vifaa vidogo vya mfukoni vya 4G vingi huruhusu watumiaji 8 au 10 tu, na katika lupangu, yaani kiwanja, lenye familia tatu nafasi hizo zinajaa kabla ya saa mbili usiku. Anayekuja baadaye anakataliwa bila kuelezwa sababu.

Ukiona anwani ya kawaida, kwa mfano inayoanza na 192.168, soma mstari wa "Passerelle par défaut". Hiyo ndiyo ruta yako. Andika ping, nafasi, kisha namba hiyo. Ukipata "Réponse de", njia ya hewani ni nzima. Ukipata "Délai d'attente de la demande dépassé", kwa kawaida shida iko kati yako na ruta: umbali, ukuta, kelele za wifi nyingine.

Halafu andika ping 8.8.8.8. Namba hiyo ni ya Google, iko nje ya nchi. Ikijibu, intaneti imefika kwako. Mwisho andika ping google.com. Kama namba imejibu na jina halijibu, kilichokufa ni DNS, daftari linalogeuza majina kuwa namba. Ingia kwenye mipangilio ya wifi, uweke DNS kwa mkono, 8.8.8.8 au 1.1.1.1, na katika dakika moja umepona. Nimewaona watu wakirudisha laptopu dukani kwa ajili ya hili.

Tazama tarehe. Kwenye ubao mama wa laptopu nyingi kuna betri ndogo ya mviringo inayotunza saa. Katika mashini ya mtumba mara nyingi imekwisha kufa. Betri kubwa ikiisha katika delestaji ndefu, saa inarudi mwaka 2015 au nyuma zaidi. Tovuti salama hujitambulisha kwa vyeti vyenye tarehe ya kuanza na ya kwisha. Laptopu inayodhani tuko 2015 inaviona vyote ni batili na inafunga mlango. Utaambiwa kwamba muunganisho si wa faragha. Usibonyeze kulazimisha kupita. Rekebisha tarehe, na eneo la saa liwe UTC+2, saa ya Lubumbashi. Kinshasa ni UTC+1, na laptopu nyingi zilizopangwa kule zinakuja na saa ya kule.

Usisahau ndege. Kitufe cha hali ya ndege kiko juu ya kibodi, na mtoto mmoja anatosha kukigusa. Baadhi ya mashini za zamani zina swichi ya wifi ubavuni. Geuza laptopu, itafute.

Kama jina la wifi halionekani kabisa kwenye laptopu na simu inaliona, angalia bendi. Ruta na simu za sasa hurusha kwa gigahezi 2.4 na kwa 5, na laptopu nyingi za zamani husikia 2.4 peke yake. Kwenye simu ya Android inayogawa mtandao, ingia kwenye mipangilio ya kugawa, uchague 2.4. Kwenye iPhone, washa "Maximiser la compatibilité". Upo pia mtego ambao wachache wanaujua: laptopu zilizotengenezwa kwa soko la Marekani kwa kawaida hazisikii chaneli ya 12 wala ya 13. Ruta ikijichagulia mojawapo, kwa laptopu hiyo ni kama haipo. Weka ruta kwenye chaneli ya 1, 6 au 11. Tatu hizo hazikanyagani, na chaneli zilizo katikati yake zinakanyaga majirani wa pande zote mbili.

Usiifiche ruta. Nimeikuta ndani ya kabati la vyombo, nyuma ya friji, chini ya kitanda. Nyumba zetu nyingi ni za tofali za kuchoma zilizotoka kwenye udongo wa vichuguu, kuta nene, na juu ni malata, yaani mabati. Tofali linapunguza mawimbi, zege linapunguza zaidi, na bati linayarudisha yalikotoka. Bendi ya 5 huchoka haraka kuliko ya 2.4 mbele ya ukuta. Iweke juu, wazi, katikati ya nyumba. Anayekaa kwenye kijumba cha nyuma ya lupangu asitegemee wifi inayopita kuta nne. Avute kebo, aweke ruta ya pili huko.

Linda mega zako. Laptopu haijui kwamba unatumia bando la simu. Ikiona wifi, inadhani ni ya bure, inaanza kushusha masasisho ya Windows ya gigabaiti kadhaa, na bando la wiki linakwisha kabla hujafungua barua pepe. Kisha unasema mtandao umegoma, kumbe umeliwa. Fungua sifa za wifi ya simu yako, uwashe "Connexion limitée". Fanya hivyo leo. Lakini usizime masasisho moja kwa moja milele, maana mashini isiyosasishwa ndiyo inayopendwa na virusi. Yashushe mara moja kwa mwezi mahali penye mtandao usiohesabiwa.

Usishushe programu inayoahidi kuongeza kasi ya wifi. Hakuna programu inayoweza kuongeza nguvu ya antena yako. Unachopakua ni matangazo, na mara nyingi mwizi. Piloti, yaani programu inayoiongoza kadi ya wifi, ichukue kwenye tovuti ya mtengenezaji wa laptopu, kwa namba kamili ya modeli, au iache Windows iitafute. Kabla ya kuweka Windows upya, pakua piloti hiyo kwenye kifunguo cha USB, la sivyo utakuwa na mashini mpya isiyo na wifi na isiyo na njia ya kuitafutia wifi. Ikitokea hivyo, unganisha simu kwa waya wa USB, washa kugawa mtandao kwa USB, na upakue.

Kama wifi inakatika kila unapoiacha laptopu dakika chache, ingia kwenye "Gestionnaire de périphériques", fungua kadi ya wifi, sehemu ya "Gestion de l'alimentation", uondoe tiki inayoiruhusu mashini kuizima kadi ili kuokoa umeme. Si kila laptopu ina sehemu hiyo. Ikiwa nayo, itumie.

Zima VPN uliyoisahau. Nchi hii, Kongo, imeshaonja intaneti iliyofungwa. Desemba 31, 2018, siku moja baada ya uchaguzi, ilikatwa nchi nzima, na ikarudi baada ya karibu wiki tatu. Watu wamejifunza kuweka VPN, na nyingi zimebaki zikiwaka kimyakimya, zikipeleka kila kitu kwenye seva za bure zilizolemewa au zilizokwisha kufa. Zima, jaribu tena. Tazama pia "Proxy" katika mipangilio. Anwani uliyoiandika kwa ajili ya mtandao wa kazini haitafanya kazi nyumbani. Lakini siku intaneti ikifungwa kweli kweli, hakuna VPN itakayopita mahali pasipo na njia, na hakuna mpangilio wa laptopu utakaosaidia. Usiibomoe mashini yako siku hiyo.

Hali kadhalika nyaya zikikatika baharini. Agosti 2023 maporomoko ya chini ya maji katika korongo la Mto Kongo yalizivunja nyaya za WACS na SAT-3. Machi 14, 2024, nyaya nne zilikatika mbele ya pwani ya Côte d'Ivoire, na nchi nyingi za Afrika zikaumia pamoja. Siku kama hizo dalili ni moja: baadhi ya tovuti zinafunguka vizuri, nyingine hazifunguki kabisa, kwa jirani yako pia, kwa kampuni nyingine pia. Piga simu kwa mtu wa mtaa mwingine, Kamalondo au Ruashi, mwenye laini ya kampuni nyingine. Kama naye analia, funga laptopu uendelee na kazi isiyohitaji intaneti.

Usifanye M-Pesa, Airtel Money wala benki kwenye wifi usiyoijua mwenyewe. Jina lililo wazi bila kufuli huenda limewekwa na mtu anayesubiri. Na nenosiri la jirani, kama hakukupa kwa mdomo wake, usilitafute.

Mvua zikianza Novemba, chomoa. Radi za Katanga hazichezi. Chomoa adapta ya ruta, chomoa kebo ya mtandao kutoka kwenye laptopu, na kama una antena juu ya paa, chomoa na waya wake kabla wingu halijafika. Radi inapita kwenye waya wa mtandao sawasawa na kwenye waya wa umeme, na ondulere haiizuii. Kifaa kilichopigwa mara nyingi hakifi siku ile ile. Kinabaki kikikatikakatika wiki nzima, na mwenyewe anahangaika na Windows.

Ukishindwa, nenda kwa fundi ukiwa na karatasi. Andika juu yake: simu inapata au haipati, ipconfig ilionyesha namba gani, ruta ilijibu ping au haikujibu, 8.8.8.8 je, tatizo lilianza lini na nini kilibadilika siku hiyo. Nakili kazi zako zote kwenye diski ya nje kabla hujatoka nyumbani, na diski hiyo ibaki nyumbani. Kaa karibu naye anapofanya kazi. Fundi mzuri ataisoma karatasi kabla ya kugusa kitufe. Akiiweka pembeni na kusema kwamba dawa ni kufuta yote, mshukuru kwa heshima, funga laptopu, ondoka nayo.

Yule kijana aliziandika upya zile sura mbili. Mahojiano hakuyapata tena. Wawili kati ya wazee aliowahoji walikuwa wamekwisha kufariki.